Bendera Nyekundu na Gari la Moshi Lisilo na Reli

Saa kumi na moja alfajiri, Jumapili moja ya mwezi wa nane, nilikuwa nimepiga magoti kwenye banda la mabati huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, nikilisha vijiti vya kuni kwenye tanuri la mashine iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwenye mashine alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu. Nilizoea kumwita Mzee tu. Siku ya kwanza nilimweleza maana yake, akacheka, akasema afadhali hilo kuliko mengine anayoitwa na mkewe. Yeye alikuwa anazunguka na kopo la oili, tone hapa, tone pale. Haraka haikuwepo. Maji yanatakiwa yapate moto polepole na chuma kitanuke polepole, la sivyo mabomba ya ndani yanaanza kuvuja. Kuni kwanza, halafu makaa ya mawe kidogo kidogo. Yalipita kama masaa mawili na nusu ndipo mshale wa geji ukaanza kupanda kwa maana. Chai nilikunywa vikombe vinne.

Nikwambie kwanza kitu chenyewe ni kitu gani, maana Kiswahili hakijakipa jina moja. Chukua kichwa cha treni ya zamani, kile cha dohani ndefu mbele na boila ya duara imelala. Kitoe relini. Kifunge magurudumu mawili ya chuma nyuma, makubwa kuzidi kimo cha mtu, na mawili madogo mbele. Ubavuni weka gurudumu zito linalozunguka wakati wote injini inapofanya kazi, ambalo ukilivika mkanda linaendesha mashine ya kupura ngano au ya kupasua mbao. Nyuma kuna kijukwaa cha kusimama watu wawili, tangi la maji chini ya miguu yao, na sanduku la makaa. Wakulima walikodi mashine hizi kupura nafaka, wakandarasi wakazitumia kuvuta mawe, magogo na mitambo mizito, watu wa maonyesho wakazipamba kwa shaba na taa. Mimi naliita trekta la mvuke, ingawa babu yangu angeliona angesema ni gari la moshi lililopotea njia. Na angekuwa sahihi. Sisi treni tuliipa jina kwa moshi wake, siyo kwa reli. Meli tukaiita stima, na huko Kenya neno hilohilo leo ni umeme wa nyumbani. Mvuke wenyewe umeondoka siku nyingi lakini jina halijaondoka.

Hili la Mzee ni la kiwanda cha Aveling & Porter cha Rochester, mwendo mfupi tu kutoka bandani kwake. Mbele, chini ya dohani, kuna farasi wa shaba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, nembo ya Kent. Farasi huyo ana kichekesho chake. Thomas Aveling, mwanzilishi wa kiwanda, alikuwa mkulima na fundi ambaye alichoshwa na jambo moja: injini za mvuke za mashambani wakati huo hazikuweza kujivuta zenyewe. Zilikuwa na nguvu za farasi kumi, lakini ili zifike shamba la pili zilifungiwa farasi halisi wazikokote. Aveling alisema jambo hilo ni la aibu, ni sawa na kuona mashua sita za tanga zikivuta meli ya mvuke. Mwaka 1859 akachukua injini ya namna hiyo, akaifunga mnyororo kutoka kwenye mtaimbo wa injini hadi ekseli ya nyuma, ikatembea yenyewe. Isipokuwa haikuweza kukata kona. Kwa hiyo mbele yake akabakiza farasi mmoja, siyo wa kuvuta, wa kuongoza tu. Picha hiyo naipenda sana: mashine ya tani kadhaa inapumua na kunguruma, na mbele yake farasi mmoja akiionyesha njia kama mjukuu anavyomshika mkono bibi asiyeona.

*

Tulitoka bandani saa mbili asubuhi. Safari yenyewe ilikuwa ya kama kilomita tisa hadi kiwanja cha kijiji cha jirani, ambako kulikuwa na maonyesho ya mashine za kale. Baada ya kuangalia leseni yangu na kuthibitisha kwamba bima inaniruhusu, Mzee alinipa usukani kwa kipande cha katikati ambacho barabara ni tulivu.

Kumbe kuendesha hiki kitu ni kazi ya watu wawili, na hawafanyi kazi moja. Dereva ni yule anayeshika wenzo wa mvuke, anayechochea moto na kuangalia maji. Mshika usukani yeye ni usukani tu. Nilidhani hiyo ya pili ndiyo rahisi. Usukani unazungusha parafujo, parafujo inazungusha roli, roli inavuta mnyororo kulia au kushoto, na mnyororo ndio unaogeuza ekseli ya mbele. Mnyororo una ulegevu. Unazungusha mara moja, hakuna kitu. Mara mbili, hakuna kitu. Ya tatu ndipo pua ya mashine inaanza kuhama, na wakati huo wewe umeshaingiwa na wasiwasi umezungusha ya nne, sasa unaelekea mtaroni. "Usiifuate," Mzee akaniambia, "itangulie." Yaani uanze kukata kona kabla ya kona, na uanze kurudisha kabla haijaisha. Kwa dakika kumi za kwanza tulikuwa tunakwenda kama mlevi anayetoka kilabuni, kulia, kushoto, kulia. Nyuma yetu magari saba yalikuwa yamepanga foleni.

Kusimama nako kuna mambo. Breki ipo, ya kukaza kwa mkono kwa kuzungusha, lakini ni ya kushikilia mashine ikishasimama kuliko ya kuisimamisha. Unachofanya hasa ni kufunga mvuke, na ukizidiwa unarudisha wenzo kinyumenyume ili injini ijipinge yenyewe. Gia zinabadilishwa mashine ikiwa imesimama. Ole wako gia itoke kwenye meno yake mnapoteremka kilima, kwa sababu hapo una tani kumi za chuma zilizo huru. Na kilima kina hatari nyingine ambayo sikuwahi kuiwaza. Mashine ikiinama mbele, maji ndani ya boila yanakimbilia mbele, na dari la tanuri linabaki bila maji juu yake huku moto unawaka chini. Chuma kikavu juu ya moto kinalainika, na boila inaweza kupasuka. Kwa ajili hiyo kuna kizibo chenye kiini cha risasi darini mwa tanuri. Maji yakipungua mno, risasi inayeyuka, mvuke unamwagikia moto na kuuzima. Mzee miaka arobaini hajawahi kuyeyusha kizibo, na alilisema hilo kama mtu anavyosema hajawahi kulala rumande. Macho yake hayakubanduka kwenye kioo cha maji hata tulipokuwa tunaongea.

Basi, tukiwa tumeshazoeana, mimi na mnyororo, kwenye kona mbele yetu akatokea msichana juu ya farasi. Farasi akasimamisha masikio. Msichana akanyoosha mkono juu, kiganja wazi.

Mzee hakusubiri. Alifunga mvuke, akarudisha wenzo, tukasimama kwa mtikisiko. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa: akafungua mlango wa tanuri kidogo. Baadaye aliniambia hewa baridi ikiingia presha haipandi, na presha isipopanda valvu ya usalama haiwezi kufyatuka na kupiga kelele karibu na mnyama. Farasi akapita upande upande, jicho limemtoka. Msichana akasema asante. Tukaendelea.

"Hiyo ilikuwa sheria," Mzee akasema. "Siku hizi ni adabu tu."

*

Habari ya sheria hiyo nilikuwa naijua, au nilidhani naijua. Nadhani na wewe umeisikia. Eti zamani Waingereza walikuwa wajinga kiasi kwamba gari lilitakiwa kutanguliwa na mtu anayetembea kwa miguu kashika bendera nyekundu. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuisimulia kwenye semina moja Dar es Salaam, tukijadili urasimu, na ukumbi ukacheka. Ni hadithi tamu. Ina mjinga, ina maendeleo, na msikilizaji anajikuta upande wa maendeleo bila kuombwa.

Nilirudi nikaisoma sheria. Ni ya mwaka 1865. Inasema chombo cha namna hiyo kiwe na watu wasiopungua watatu. Mmoja wao, chombo kikiwa kinatembea, awe mbele kwa miguu, yadi 60, kama mita 55, amebeba bendera nyekundu, awaonye wenye farasi na kuwasaidia kupita. Mwendo usizidi maili 4 kwa saa, kama kilomita 6, na mjini maili 2. Filimbi isipigwe kabisa. Mvuke usitolewe mbele ya farasi. Na kuna kifungu kimoja ambacho kwenye semina sikukitaja kwa sababu sikuwa nakijua: chombo kisimame papo hapo iwapo yule mtangulizi, au mtu yeyote mwenye farasi, atanyoosha mkono.

Mtu yeyote. Si polisi. Mchukuzi wa nyasi, mtoto anayepeleka farasi kwa mhunzi, mama mwenye mkokoteni. Ananyoosha mkono, na mtaji wa tani kumi unasimama.

Sitaki kuigeuza sheria ile kuwa malaika. Wenye makampuni ya reli na ya magari ya farasi hawakulia ilipopita, na wakulima wenye mashine za kupura waliisumbukia kwelikweli, maana kumlipa mtu wa tatu wa kutembea tu ni gharama. Malalamiko yao yalisikika: mwaka 1878 sheria ilirekebishwa, mtangulizi akasogezwa hadi yadi 20, na bendera ikaacha kuwa lazima nchi nzima. Kwa hiyo hata wanaosimulia kwamba magari ya kwanza ya petroli yalitanguliwa na bendera wanachanganya mambo. Bendera ilikuwa ya mashine kama hii ya Mzee. Mtangulizi aliondolewa kwa magari mepesi mwaka 1896, na tarehe 14 Novemba mwaka huo wenye magari wakaenda kwa msafara kutoka London hadi Brighton kushangilia. Kabla ya kuondoka, kwenye kifungua kinywa, Lord Winchilsea aliichana bendera nyekundu mbele ya wageni.

Mwaka huohuo, tarehe 17 Agosti, miezi mitatu kabla ya sherehe, mwanamke aitwaye Bridget Driscoll alikuwa anatembea na binti yake kwenye viwanja vya Crystal Palace, London. Gari la petroli la maonyesho likaja. Yeye akaduwaa. Hakujua akimbilie wapi. Akawa mtu wa kwanza Uingereza anayetembea kwa miguu kuuawa na gari la petroli. Kwenye uchunguzi wa kifo ikatamkwa kuwa ni ajali, na mchunguzi akasema anatumaini jambo la namna hiyo halitatokea tena.

Na kabla yake alikuwepo Mary Ward. Huyu alikuwa Ireland, mtaalamu wa hadubini, aliyechora kwa mkono wake mwenyewe vidudu na mabawa ya wadudu na kuandika vitabu wakati ambapo vyuo vikuu vilikuwa havipokei wanawake. Binamu zake wa familia ya Parsons walikuwa watu wa mitambo, walikuwa wameunda gari la mvuke la kwao. Tarehe 31 Agosti 1869 alikuwa amepanda pamoja nao na mumewe katika mji wa Parsonstown, ambao leo ni Birr. Kwenye kona ya karibu na kanisa gari likatikisika, akaanguka mbele ya gurudumu. Gari halikuwa na kasi, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka basi. Alikufa palepale. Alikuwa na miaka 42. Mmoja wa vijana waliokuwa kwenye gari lile, Charles Parsons, wakati huo wa miaka 15, ndiye aliyekuja kubuni tabo ya mvuke, mtambo ambao umezalisha sehemu kubwa ya umeme wa dunia hadi leo. Sijui mtu anabebaje kitu kama hicho ndani yake kisha akaendelea kupenda mvuke. Lakini aliendelea.

Mwendo wa mtu anayetembea. Hilo ndilo lililonisimamisha. Nilipokuwa nimesimama kwenye kile kijukwaa niliona kabisa: gurudumu la nyuma linazunguka taratibu kiasi cha kuhesabu mabamba yake, lakini halina namna ya kujua kama kilichoko chini yake ni jiwe au ni nini.

Mwaka 2009 mtoto wa baba yangu mdogo aligongwa na lori la mizigo barabara ya kutoka Kasulu. Alikuwa darasa la nne. Walikuwa wawili, na yule mwenzake alisema kwamba alikuwa amenyoosha mkono. Si wanafundishwa hivyo shuleni? Ukifika kwenye zebra, simama, angalia kulia, angalia kushoto, nyoosha mkono. Pale palikuwa hapana zebra, lakini mtoto hachagui, anafanya alivyofundishwa. Baba mdogo hakuwahi kulisema jambo hilo kwa hasira. Alichokuwa anarudia ni kwamba mkono aliunyoosha. Nilipokisoma kile kifungu cha 1865 nilifunga kompyuta, nikatoka nje, nikatembea hadi giza likaingia. Semina ile ya Dar es Salaam nimeikumbuka mara nyingi tangu siku hiyo, hasa kile kicheko.

*

Mzee aliniuliza kama mashine hizi zilifika kwetu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Kigoma, na kwa hiyo nina deni nazo.

Ukizaliwa Kigoma, Liemba ni ndugu yako. Nimepanda na shangazi na magunia ya dagaa, nimetapika humo. Kila mtoto pale anajua kwamba ilikuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande ikawekwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli mpya hadi ziwani, ikaingia majini mwaka 1915. Anajua kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa saba 1916 wasije wakanyang'anywa, na kwamba Waingereza waliiinua miaka ya 1920 wakaibatiza jina jipya. Wajerumani walipaka mashine zake grisi kabla ya kuizamisha. Injini zake za mvuke ziliendelea kupiga kazi hadi miaka ya 1970 ndipo zikatolewa, zikaingia za dizeli.

Ambacho hatukuambiwa, au niseme mimi sikukisikiliza, ni jinsi wapinzani wake walivyofika ziwani. Walipita barabarani, wakavutwa na matrekta ya mvuke.

Mwaka 1915 Waingereza walituma boti mbili ndogo za mbao zenye injini za petroli, urefu wa futi 40 kila moja, ili kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vituko. Alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wake wakakataa, akaziita Mimi na Toutou, majina ya Kifaransa ya kitoto yenye maana hiyohiyo. Wakubwa wakapitisha. Msomaji wa Kiswahili unaweza kufikiria jinsi ambavyo mtu wa ukanda huu angeisikia meli ya vita inayojitambulisha kwa jina la Mimi. Kamanda mwenyewe, kwa vile alipenda kuvaa kitambaa kama sketi, wenyeji wa ziwani walimpa jina la Bwana Chifungatumbo.

Boti zilishuka Cape Town mwezi wa saba, zikapanda treni kaskazini hadi Katanga, na reli ikaishia Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia, ambako kulikuwa na kipande kingine cha reli, ni kama kilomita 235 za pori, na katikati yake kuna milima ya Mitumba, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo yalipoingia matrekta mawili ya mvuke. Walianza katikati ya Agosti, wakafika mwisho wa Septemba. Karibu wiki sita. Piga hesabu mwenyewe: siku nzuri na siku mbaya kwa pamoja ni kilomita tano na kidogo kwa siku. Bibi mwenye mzigo kichwani anakupita.

Nimesimama kwenye kijukwaa cha mashine kama hiyo juu ya lami ya Kent, barabara imenyooka, na jasho lilinitoka. Sasa fikiria kwenye njia iliyofyekwa jana, mchanga, makorongo yaliyowekewa magogo kwa daraja, mteremko ambao maji yote yanakimbilia mbele ya boila, na nyuma yako mkokoteni wenye boti ya futi 40. Mahali ambapo matrekta yalishindwa, walifungwa maksai. Palipowashinda maksai, kamba zilizungushiwa miti mikubwa na watu wakavuta. Farasi wa Aveling karudi, kwa sura nyingine.

Halafu suala la maji. Trekta la namna hii likimaliza tangi linataka jingine baada ya kilomita kumi na tano au ishirini za barabara nzuri. Uingereza ilikuwa unasimama kwenye kijito, unatumbukiza mpira, mvuke unavuta maji wenyewe. Katanga mwezi wa tisa ni kiangazi. Vijito vimekauka. Vitabu vilivyoandika safari ile vinataja kwamba ilifika mahali wanawake wa vijiji vya jirani wakabeba maji kichwani kulisha injini. Vinataja hivyo kwa sentensi moja, mbili, kisha vinarudi kwa kamanda na sketi yake. Kamanda tunajua alikuwa anavuta sigara zilizoandikwa jina lake. Wale wanawake, ambao wajukuu wao leo wanaongea Kiswahili cha Katanga na wanaishi juu ya shaba na kobalti ya Fungurume, hakuna aliyeandika hata jina moja. Na ndio waliokuwa wanashikilia kioo cha maji. Bila mitungi yao dari la tanuri linabaki kavu.

Huko hapakuwa na sheria ya 1865. Hapakuwa na mtu wa kunyoosha mkono mashine ikasimama. Mkono wa mwenyeji ulihitajika kwa kazi nyingine.

Boti zilifika ziwani mwishoni mwa Oktoba, baada ya mto Lualaba na reli nyingine. Tarehe 26 Desemba zikaiteka boti ya Wajerumani Kingani, Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen, ile kubwa, hawakupigana nayo kabisa. Kuna riwaya na filamu maarufu zilizotokana na habari hiyo, na matrekta hayamo.

*

Mzee alisikiliza yote hayo bila kuondoa macho kwenye kioo chake. Nilipomaliza akauliza swali la fundi: walitumia kuni au makaa? Kuni, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Kuni zinakula sanduku zima kabla hujafika popote, akasema, na cheche zake zinachoma pori. Halafu kwa muda akanyamaza, na akasema hao wanawake ilibidi watembee usiku.

Sikuwa nimefikiria. Lakini ni kweli. Mashine inataka maji asubuhi, kabla ya moto.

Yeye ana shida yake ya makaa. Kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe Uingereza kilifungwa Septemba 2024, mgodi mmoja mkubwa wa Wales ulikuwa umeshafungwa mwaka uliotangulia, na wapenda mvuke sasa wanategemea makaa yanayotoka ng'ambo kwa meli, kwa bei inayopanda. Mimi, ninayetoka upande wa dunia ambao mvua zake zimeharibika, sikuwa na la kumfariji. Nilimwambia hivyo. Akasema anaelewa, na kwamba kwa mwaka anawasha mara sita. Tukaachia hapo. Chama chao kilianza baada ya mkulima mmoja, Arthur Napper, kushindana na rafiki yake mwaka 1950 katika kijiji cha Appleford, matrekta mawili ya mvuke, zawadi pipa dogo la bia. Napper akashinda. Kabla ya hapo mashine hizi zilikuwa zinakatwa kwa mamia. Siwezi kujifanya sikufurahi kwamba hii haikukatwa.

Jioni, tukirudi, kuna mahali njia ya Mzee inaingia barabara kubwa. Ukiwa juu ya mashine huoni kinachokuja, kwa sababu macho yako yako mita kadhaa nyuma ya pua, na ukisogea uone, pua imeshaingia barabarani. Kwa hiyo mtu lazima ashuke atangulie. Kwa kawaida ni mkewe anayefanya hivyo, akiwafuata kwa gari dogo, lakini siku hiyo alikuwa amewahi nyumbani.

Nikashuka. Alinipa fulana ya njano inayong'aa iliyonukia oili. Nikatembea mbele, kama hatua thelathini, nikasimama pembeni ya lami. Gari la kwanza lilikuwa jeupe, la mizigo midogo, linakuja kwa kasi. Nikanyoosha mkono, kiganja wazi. Moyo ulikuwa unanidunda kama ngoma.

Likasimama. Dereva, kijana mwenye kofia, akashusha kioo akauliza ni kitu gani.

"Trekta la mvuke," nikamwambia. "Linakuja polepole."

Akazima injini, akatoa simu apige picha.